Mayai ya Usaili

Kwenye kibanda cha kinyozi yule kulikuwa na kiti kimoja tu cha kunyolea, na siku nyingine mteja alilazimika kusubiri mke wa kinyozi amalize kulia ndipo akae.

"Samahani, mzee wangu," kinyozi alimwambia mstaafu aliyesimama mlangoni, mtu mwenye nywele chache za kunyoa na maneno mengi ya kusema. "Tumebakiza ukurasa mmoja."

"Malizeni tu. Jana niliondoka kabla sijajua kama huyo mume amesema ukweli." Mstaafu akavuta benchi, akaketi.

Aliyekalia kiti alikuwa mwigizaji. Mtaa mzima ulimwita Redio, jina alilobandikwa utotoni kwa kuiga sauti za watu, nalo likaganda. Alikuwa amekabili kioo kipana cha ukutani, na mumewe amesimama nyuma yake, karatasi za mchezo mkono mmoja, brashi ya kupangusia nywele mkono wa pili, akimsomea maneno ya mhusika mwenzake. Kinyozi hakuwa na kipaji cha kuigiza hata cha kuazima. Mapenzi, hasira na msiba alivisoma kwa sauti moja, kama mtu anayesoma maelekezo ya sumu ya panya.

"Umejua lini," akasoma.

"Hapo pana alama ya kuuliza, Kinyozi."

"Nimeiona."

"Usiione tu. Itamke."

"Umejua lini?"

Redio akainua macho, akamtazama mumewe ndani ya kioo. Sauti yake ilishuka, mstaafu akaacha kujikuna kidevu.

"Tangu siku ya kwanza. Ulitoka na mkoba wako, viatu umeving'arisha, na mimi nilijua huendi popote. Nilikufungia chakula vilevile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kutoka."

Huo ndio uliokuwa mchezo wenyewe: mume amefukuzwa kazi, anaona aibu kusema, kila asubuhi anavaa na kutoka kama kawaida, na mkewe anajua. Kikundi kimoja cha maigizo kilitafuta wa kucheza nafasi ya mke, na atakayeipata angesafiri na mchezo huo msimu mzima kwa mkataba. Redio alikuwa amehudhuria usaili mwingi kabla ya huo. Kila mara alishukuriwa kwa adabu, akaambiwa atapigiwa simu, na simu haikulia.

Safari hii ilikuwa ya mwisho. Kaka mkubwa wa kinyozi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyewashika mkono mara kadhaa kodi ya nyumba ilipowashinda. Sasa alitaka mtu mwaminifu wa kaunta. "Mkono mtupu haulambwi, shemeji," alisema siku moja sebuleni, mbele ya mama yao. "Sanaa nzuri, lakini mtakula makofi?" Kodi aliyolipa kaka ilikuwa bado kichwani mwa Redio. Akaahidi kwamba ataenda usaili huu mmoja, na ukimtupa, ataingia dukani kuuza misumari na hatazungumza tena habari za jukwaa. Kinyozi alikuwa amekaa pembeni yake na akaukubali mpango huo kwa kichwa.

*

Nyumba ile ilikuwa na mila yake. Asubuhi ya usaili, kinyozi mwenyewe alichemsha mayai mawili, akayaweka na vipande vya mkate na chumvi ndani ya kibakuli cha bluu chenye mfuniko, akamkabidhi mkewe mlangoni. Redio hakuwahi kuyala. Kabla ya usaili koo lilimkauka, na baada yake, akishakataliwa, hakutaka hata kuyaona. Kwa hiyo kibakuli kilirudi kama kilivyokwenda, nacho ndicho kilichotoa habari. Hakuna aliyeuliza neno. Mama mkwe alikipokea, akaketi kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, akayamenya mayai na kuyala taratibu.

"Leo mwanangu hakuzidisha chumvi," angesema, na hiyo ndiyo ilikuwa pole yake.

Yeye ndiye aliyeyaita mayai ya usaili. Wakati mwingine, miezi ikipita bila Redio kuitwa popote, alinong'ona kwamba ana hamu ya yai la usaili, na nyumba nzima ilicheka, Redio akiwa wa kwanza.

Asubuhi ya safari hii ya mwisho, kinyozi alipiga pasi gauni la mkewe. Alilipiga kwa umakini uleule aliokuwa nao kwenye kisogo cha bwana harusi, akienda na kurudi kwenye kola. Mama aliwatazama wote wawili, mmoja anapiga pasi, mwingine anazunguka chumbani akiongea na ukuta.

"Unakwenda kulia tena, mwanangu?"

"Kidogo tu, mama."

"Basi lia vizuri. Nauli imepanda."

Kinyozi akafunga kibakuli, akaugonga mfuniko kwa vidole, akampa. "Nenda salama," akasema. Hakumtakia bahati, kwa sababu siku zote alizomtakia bahati, bahati haikuja.

*

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa sakafu ya mbao iliyolia kila mtu alipopita. Waigizaji wengine walikaa ukutani, wengi wao vijana wa kutosha kumwita shangazi, wakipokea simu na kuchekeana. Mwongozaji wa mchezo, mwanamke aliyepandisha miwani juu ya paji la uso, alikaa nyuma ya meza na wenzake wawili. Katikati ya ukumbi viliwekwa viti viwili vinavyotazamana, kimoja cha msailiwa, kingine cha kijana aliyepangwa kusoma maneno ya mume.

Redio alipoitwa alikwenda, akashika kiti chake, akakigeuza kabisa mpaka kikawakabili wale wa mezani. Halafu akaketi, mgongo kwa yule kijana. Hakujua kama amefanya hivyo. Mwili wake ulijua namna moja tu ya kusema maneno yale: mbele yake kioo, nyuma yake mume.

Akaanza. Alisema vizuri, na walioko ukutani wakanyamaza mmoja mmoja. Akamaliza kipande cha kwanza akiwa amekaza macho hewani juu ya kichwa cha mwongozaji, mahali ambapo kwenye kibanda chao ungekuwepo uso wa kinyozi. Hapo ndipo kijana mmoja aliponong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mama amekaa kama yuko saluni," na kicheko kikaenda ukuta mpaka ukuta.

Mwongozaji hakucheka. Akashusha miwani. "Samahani, dada. Mbona umempa mgongo mwenzako?"

Redio akageuka, akamwona kijana nyuma yake, akaona na kiti chenyewe. Uso ukamwaka moto.

"Nafanyia mazoezi kwenye kiti cha kunyolea," akasema. "Anayenisomea ni mume wangu. Ni kinyozi. Tunaongea kwenye kioo."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Hebu mkabili," mwongozaji akasema. "Anzia pale unapomwambia kwamba unajua."

Akageuza kiti. Macho ya yule kijana yalikuwa karibu, makavu, hayana kosa lolote, na Redio alipoyatazama maneno yote yakamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alifungua mdomo, akasema "Tangu", akafunga. Akajaribu tena. Baada ya hapo alishukuriwa kwa adabu, akaambiwa atapigiwa simu.

*

Kaka mkubwa alikuwa sebuleni Redio aliporudi. Alikuja kwa nia njema, kumweleza shemeji yake mambo ya kaunta, lakini mila ya nyumba ile hakuijua, au aliijua akaiona ya kitoto.

"Vipi, umepata?"

Mama akamtazama mwanawe mkubwa kama anamtazama mtu aliyekanyaga sahani ya chakula. Redio alisimama na kibakuli chake mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akalazimika kulitamka.

"Sijapata, shemeji."

"Kuuliza si ujinga," kaka akajitetea, maana aliona macho ya mama yake.

"Siyo ujinga," mama akasema. "Ila na kunyamaza siyo ububu."

Kinyozi alisikia sauti hizo akiwa uani. Akaingia, akachukua kibakuli bila kukifungua, akakiweka kwenye mapaja ya mama yake. Kisha akamshika mkewe kiwiko, wakatoka, wakaenda kibandani, akafunga mlango.

Huko nako walikuwa na utaratibu wao. Baada ya kila usaili alimwosha nywele. Alimlaza kichwa nyuma juu ya beseni, akamimina maji ya vuguvugu kwa jagi, akasugua polepole, na Redio akiwa amefumba macho alisema lolote alilotaka kusema, au hakusema. Leo alisema yote: viti viwili, mgongo, kicheko, yule aliyetaja saluni.

Mikono ya kinyozi ikasimama kichwani mwake.

"Na zile nafasi nyingine? Zote ulizokataliwa?"

"Nimeshafikiria njia nzima. Kila ilipokuwa ya kusema peke yangu, waliniomba nirudie palepale. Ilipokuwa ya kusema na mtu, walinishukuru."

"Kwa hiyo ni mimi," kinyozi akasema. "Nimekufundisha kuwapa watu mgongo."

"Si wewe. Ni kioo."

"Kioo nilikiweka mimi."

Aliumia kweli. Kazi yake ilikuwa kutazama visogo vya watu na kuwaonyesha wasichoweza kujiona, na cha mkewe mwenyewe alikuwa amekitazama miaka yote hiyo bila kuona kitu. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu aliona hata wa nyumbani mwake alikuwa ameshindwa kumnyoa. Povu likamtiririkia Redio sikioni, naye akapapasa juu mpaka akaushika mkono wa mumewe, ukiwa na povu vilevile.

"Yule mama wa miwani ndiye wa kwanza kuniambia kosa langu," akasema. "Wengine wote walinifichia. Unajua nilipotoka pale nilitaka kurudi nimshukuru?"

"Ungerudi."

"Niliona aibu."

*

Simu ililia kesho yake, wote wakiwa mezani. Redio alijua namba ngeni huwa za watu waliokosea, akapokea akiwa bado anatafuna. Alikuwa mwongozaji mwenyewe.

"Nilishaandika hapana," sauti ilisema, kavu na yenye haraka. "Lakini yule mke uliyemwigiza sijamsahau. Alimwambia mumewe jambo zito bila kumtazama, na mimi nilimwamini. Tatizo, siwezi kukuacha umegeuka mchezo mzima. Njoo keshokutwa. Ukiweza kumtazama mwenzako machoni na mimi niendelee kukuamini, tutaongea. Usipoweza, nitakwambia palepale."

"Nashukuru," Redio akasema. "Na kwa jana pia, nashukuru."

"Kwa jana?" mwongozaji akauliza. "Haya. Asubuhi, usichelewe."

Kaka mkubwa alipopata habari alikuja jioni, kofia imejaa vumbi la saruji. "Keshokutwa ndiyo mzigo unaingia," akasema. "Nilimtegemea shemeji. Tulikubaliana usaili mmoja."

Redio akainamisha kichwa. Ni kweli walikubaliana. Kinyozi akafungua mdomo, lakini mama akamtangulia.

"Na huo mmoja umekwisha?" akauliza. "Mtu amepigiwa simu, ameambiwa arudi. Mimi naona bado uko palepale, haujasogea. Ahadi ni ahadi, mwanangu. Hata saruji itamsubiri, maana haina miguu."

Kaka akavua kofia, akaikung'uta mlangoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuwa ndiye pekee mwenye kitu kwenye ukoo.

"Basi nitakaa kaunta mwenyewe," akasema.

"Asante, shemeji," Redio akamwambia. "Kwa hili, na kwa kodi. Sikuwahi kukuambia vizuri."

Kaka akajifanya hakusikia, lakini alipoondoka alisahau kofia.

*

Siku iliyofuata, wateja wa asubuhi walipokwisha, kinyozi alikigeuza kile kiti. Hakikuwa chepesi. Alikisukuma kwa bega mpaka kikakipa kioo kisogo, akaleta benchi, akaketi mbele ya mkewe, magoti yao yakakaribiana.

Walitazamana. Redio akacheka, kisha kinyozi akacheka, kisha wote wawili wakatazama pembeni. Lilikuwa jambo la ajabu. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka mingi, lakini mambo yao mazito, ya mimba iliyotoka, ya kodi, ya kushindwa, yote waliyasema kibandani humu, mmoja mbele, mmoja nyuma, kioo kikipokea.

"Soma," Redio akasema.

"Umejua lini." Akakumbuka. "Lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Sauti ilimtetemeka, akaanza upya. "Tangu siku ya kwanza. Ulitoka na mkoba wako, viatu umeving'arisha, na mimi nilijua huendi popote. Nilikufungia chakula..."

Kinyozi akachungulia karatasi.

"Vilevile," akamkumbusha. "Nilikufungia chakula vilevile."

"Najua neno, Kinyozi." Redio alikuwa akimtazama bila kupepesa. Maneno yale alikuwa ameyasema mara nyingi mpaka ulimi ulijiendea wenyewe, na sasa tu, uso kwa uso, aliyasikia. "Wewe ulijua?"

"Hilo halimo kwenye karatasi."

"Nakuuliza mimi. Asubuhi zile zote. Ulijua kwamba sitapata?"

Kinyozi alikunja karatasi, akaikunjua. Uongo ungekuwa rahisi kwenye kioo.

"Asubuhi nyingine nilijua," akasema. "Nilikuwa nasimama jikoni nasema, leo tena watamrudisha. Nikachemsha vilevile."

"Kwa nini hukuniambia?"

Jibu lilikuwepo kwenye karatasi, mstari unaofuata, na halikuwa la kwake. Wote wawili walilijua. Hakulisoma. Alifuta macho kwa ile brashi ya kupangusia nywele, nywele za mteja wa asubuhi zikamwingia jichoni, ikawa sasa ana sababu ya kutoa machozi, akayaacha yatoke. Redio akasogea mbele, akampulizia jicho, akashika uso wake kwa mikono miwili.

"Ningesema, ungeacha kutoka," akasema yeye, taratibu, akimtazama ndani ya lile jicho jekundu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mstaafu. Akaingiza kichwa, akaona kiti kimegeuzwa na watu wawili wanalia.

"Amesema ukweli?" akauliza.

"Amesema," Redio akajibu.

*

Keshokutwa yenyewe kinyozi alichemsha mayai, akafunga mkate na chumvi, akampa mkewe kibakuli mlangoni. Hakusema chochote zaidi ya "Nenda salama." Siku nzima alinyoa vibaya. Mteja mmoja alitoka na ndevu za upande mmoja, akarudi kulalamika, akakuta kiti hakikabili kioo, akalalamika na hilo pia.

Jioni kaka mkubwa alipita kuchukua kofia yake, na baada ya kuichukua hakuondoka. Mama alimnyooshea kidole.

"Leo ukiuliza, nakutoa nje, na umri wako huo."

"Siulizi, mama."

Kwa hiyo watu watatu walikaa sebuleni, wakisikiliza mlango. Redio alipoingia alikuwa na vumbi miguuni, gauni limejikunja, uso haukusema lolote, maana alikuwa mwigizaji. Akawasalimu mmoja mmoja. Akamkabidhi mama mkwe kibakuli.

Mama akakipokea kwa mikono yote miwili, akakipakata kama ilivyokuwa desturi, akajiweka sawa kwenye kigoda. Kabla hajakifungua alikwisha kuona kitu. Kibakuli kilikuwa chepesi. Akafungua mfuniko. Ndani mlikuwa na maganda ya mayai, yamevunjwa vipande vidogo, na chembe za mkate.

Kaka akajiziba mdomo kwa kofia. Kinyozi alisimama, akaketi, akasimama tena.

Redio hakumtafuta kwenye kitu chochote kinachong'aa. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akamtazama machoni.

"Nilipofika pale kwenye chakula, nilikuwa nakuona wewe," akasema. "Asante, mume wangu."

Kinyozi akamshika mkewe mikono, akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena.

Kwenye kigoda, mama aliyapekua yale maganda kwa kidole, kwa uhakika tu, kisha akafunika kibakuli na kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Haya," akasema. "Na mimi leo nitakula nini?"